Akili Isiyokauka



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila nyumba yalijua, ingawa ni wachache walilipa jina. Ni ule uwezo wa mtu kuiacha fikira aliyoizoea na kushika nyingine, mambo yanapogeuka. Wataalamu huuita unyumbufu wa akili. Sisi tutasema tu akili inayokunjika, kwa kuwa wahenga walikwisha kutupa mfano wake: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo yahusu malezi ya watoto, na ni ya kweli. Lakini wengi wetu tumeigeuza kuwa udhuru. Mtu wa miaka hamsini akiombwa ajifunze jambo jipya hujibu, "Mimi nimekwisha kukauka," na mazungumzo yakaishia hapo. Je, ni kweli? Hatutajibu kwa maneno matupu. Tutaangalia habari za mahali pamoja, na za mmea uliopapa mahali hapo jina.

Mahali penyewe ni Murera, karibu na Ruiru, upande wa Juja na Thika. Ukimwuliza kijana wa huko anakaa wapi, huenda akakujibu, "Murera Sisal." Sisal ndio mkonge, na jina hilo limebaki tangu siku za shamba kubwa la mkonge. Kijana mwenyewe hajapata kukata jani lake hata moja. Anaona nyumba za kupanga, maduka, shule za watu binafsi, na ploti zilizozungushiwa mabati. Kazi imekwenda, jina limebaki.

Mkonge ni mgeni katika Afrika. Kwao ni Meksiko, na jina lake la kigeni latokana na bandari ya Sisal, huko Yucatán, ambako nyuzi zilipakiwa melini. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida iletwe Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ilipita Hamburg, ikakaa majini siku nyingi, na ilipofika pwani ya Tanganyika iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndipo yakaja yale mashamba makubwa ya Pangani na Tanga na bara yake. Upande wetu wa Kenya, walowezi wawili, Swift na Rutherfoord, walioshika shamba Punda Milia karibu na Makuyu, ndio walioanza kuupanda mwanzoni mwa karne ya 20. Ukaenea katika nchi kavu ya Thika, mahali ambapo mvua haitoshi kuilea kahawa vizuri. Reli ilipofika Thika mwaka wa 1913, mzigo ukapata njia ya kwenda Mombasa.

Tusisahau kwamba tambarare hiyo haikuwa tupu walowezi walipoifikia. Wakikuyu, Wamaasai na Wakamba walipakana huko, wakichunga na kufanya biashara, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoigawa kwa wageni kama kwamba haina mwenyewe.

Wala walowezi hawakuuchagua mkonge kwa hekima kubwa. Walijaribu kila kitu. Huko Machakos na Athi kulikuwa na mashamba ya mbuni! Manyoya ya ndege hao yalipelekwa Ulaya, wanawake wa huko wakayatia katika kofia zao. Kufika mwaka wa 1914 mtindo ulikuwa umebadilika, bei ikaanguka, vita vikazuka, na mtu mwenye mbuni mamia hakujua afanye nao nini. Pale Juja, jirani ya Murera, tajiri wa Kimarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa sana. Ndiye aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka wa 1909. McMillan alikufa mwaka wa 1925, akazikwa mlimani Ol Donyo Sabuk, na wakazi wa Nairobi wanalijua jina lake kwa sababu ya maktaba iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Mtu wa namna hiyo, jaribio moja likimshinda, hulala usingizi wake vizuri na kesho akajaribu jingine. Mtuwekee neno hilo, wasikilizaji, maana tutalirudia: kubadili mawazo ni rahisi kwa mwenye akiba.

Mkonge ni mmea wa kungoja. Ukiupanda leo, utakaa miaka mitatu hivi kabla ya kukata majani ya kwanza. Utaukata mwaka hata mwaka, kisha siku moja utatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, utachanua mara moja tu, na kufa. Majani yake yana mwiba nchani na maji yenye kuwasha ngozi. Mkataji alipewa kipimo cha mafungu kwa siku, na kipimo kisipotimia siku haikuhesabiwa. Majani yalikwenda kiwandani, mashine ikayaponda na kuyakamua, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa juani kama nguo, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota. Katika kila kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 za nyuzi; nyingine zote ni takataka. Twaona vema kuyataja haya kwa sababu mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini huwa anayo elimu, hata kama hana cheti. Anajua jani lililokomaa kwa kulitazama. Elimu ya namna hiyo ndiyo humfanya mtu awe mzito kugeuka, na si vizuri kumcheka. Anayeombwa kubadilika anaombwa awe mwanafunzi tena, mbele ya watoto wake.

Wenye mashamba nao walikuwa na sababu ya kuamini kwamba mkonge hautakwisha. Mwaka wa 1942, Wajapani walipoitwaa Ufilipino, katani ya Manila ilikatika, na Waingereza na Wamarekani wakaukimbilia mkonge wa Afrika Mashariki kwa kamba za meli na za mashamba. Vita vya Korea vilipoanza mwaka wa 1950 bei ilipanda tena. Mara mbili dunia ilitetemeka na mara mbili mkonge ukaneemeka. Nani hangeamini?

Kisha ikaja kamba ya plastiki. Katika miaka ya 1960 viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba za polipropilini, nyepesi, zisizooza, za bei ndogo. Baada ya mwaka wa 1964 bei ya mkonge ilishuka na haikurudi ilivyokuwa. Jirani zetu wa Tanzania, ambao ndio waliokuwa wa kwanza duniani, walitoa kama tani 230,000 mwaka wa 1964. Kufika mwisho wa karne walikuwa wameshuka chini ya tani 30,000. Hatudhani kwamba kila mwenye shamba alilala. Lakini mtu aliyepanda mmea wa kungoja miaka mitatu, akajenga kiwanda, akaweka mashine isiyojua kazi nyingine ila kukamua mkonge, amejifunga kwa mikono yake mwenyewe. Akili yake yaweza kuona hatari, ila fedha zake zimekwisha kukauka.

Tena kuna ugumu wa aina nyingine, usiotokana na fedha bali na kiburi. Tazameni kahawa, jirani wa mkonge hapo Ruiru. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimkataza Mwafrika kuilima. Ilisemekana ataleta magonjwa, atashusha sifa ya kahawa ya Kenya, ataiba ya jirani. Ruhusa ya kwanza, tena kidogo kidogo, ilitolewa katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya walowezi. Mlango ukafunguliwa kweli baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Na matokeo? Leo wakulima wadogo, kupitia vyama vyao vya ushirika, hutoa zaidi ya nusu ya kahawa ya nchi. Wale wakubwa walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao kwa muda mrefu, wakulima wa Kilimanjaro na wa Buganda wakivuna kahawa nzuri, lakini hawakutaka kuutazama. Samaki aliyekauka kwa kiburi hakunjiki hata ukimloweka.

Hapo hapo Ruiru, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa wametuachia mfano ulio kinyume. Ugonjwa wa chulebuni ulipowashambulia wakulima vibaya katika miaka ya 1960, jibu lilikuwa dawa: piga dawa, ongeza dawa. Mkulima mdogo hakuimudu gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wakaanza kuliuliza swali upya. Badala ya kuuliza, "Tumpigeje ugonjwa huyu?" wakauliza, "Twaweza kupata mbuni asiyeugua?" Ilichukua muda; aina ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka wa 1985, na nyingine, Batian, mwaka wa 2010. Swali lilipogeuzwa, kazi ya miaka mingi iligeuka nalo.

Sasa tuwatazame watu ambao historia ya mkonge kwa kawaida huwapita bila kuwaamkia, yaani akina mama wenye kiondo.

Zamani mama wa Kikuyu alisokota uzi wa kiondo kutokana na magome ya vichaka vya porini. Ukambani walitumia hata nyuzi za mbuyu. Mashamba yalipofyeka vichaka, magome yakawa adimu. Mkonge ulikuwa umefika, umekaa kwenye ua. Akina mama wakachukua nyuzi zake, wakazisokota juu ya paja vile vile kama walivyosokota magome, wakasuka kiondo kile kile. Baadaye, nyuzi za sweta kuukuu na za nailoni zilipopatikana kwa urahisi, wakazitumia nazo, hata zenye rangi ambazo bibi zao hawakuzijua. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilivuka bahari, mabibi wa Ulaya na Marekani wakavitundika begani. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hayo, wala semina. Na wengi wa wasusi hao hawakuwa samaki wabichi. Walikuwa watu wazima, wengine wamekwisha kupata wajukuu.

Waliwezaje, wakati makampuni yenye wahasibu yalishindwa? Sisi twafikiri ni kwa sababu hawakuchanganya kitu na kazi ya kitu. Kampuni ilikuwa ya mkonge, na mkonge ukiondoka kampuni haina habari. Mama hakuwa wa magome. Alitaka kubeba viazi kutoka shambani hadi nyumbani. Uzi wowote ukishika, umefaa. Lakini angalieni pia kile ambacho hakukibadili: kiondo bado chaanziwa chini kwenye kitako, chazungushwa hivyo hivyo, na mkono wajua pa kukaza. Alibadili uzi, akashika ususi. Mtu anayebadili vyote kwa pamoja hatumwiti mwenye akili inayokunjika. Huyo amepeperuka.

Twarudi kwenye lile neno la akiba. Mashamba ya walowezi katika sehemu za Ruiru, Juja na Thika yalipouzwa baada ya uhuru, watu walichanga fedha katika vyama na makampuni ya kununua ardhi. Mwenye hisa alipata kipande chake, ingawa wengine walikingojea miaka mingi. Mfanyakazi wa kambi, aliyetoka Nyanza au Ukambani akiwa kijana na kuzeeka akikata majani, mara nyingi hakuwa na hisa wala kwao pa kurudi. Wapo wanaosema kwamba watu hao walikuwa wagumu wa akili, walikataa kujifunza kazi nyingine. Sisi hatukubali. Akili ya kukunjika yahitaji mahali pa kuangukia ukikosea. Mtu ambaye kosa moja litawalaza watoto wake njaa, ana haki ya kuwa mwoga wa mambo mapya. Anayetaka jirani yake abadilike, ampe kwanza nafasi ya kujaribu na kukosea.

Na huko Murera mambo hayajaacha kugeuka. Pale Juja chuo cha kilimo na teknolojia kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1981, katika ardhi iliyotolewa na Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Barabara kuu ya Thika ikapanuliwa, ikafunguliwa mwaka wa 2012. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 iliukuta mji wa Ruiru una watu 238,000 hivi. Ile ya mwaka wa 2019 ikaukuta una karibu 490,000. Mahali palipokuwa na mistari ya mkonge na mibuni pana mistari ya madirisha.

Basi nyumbani kwa mwenye ekari mbili pamezuka mabishano. Mzee asema ardhi haiuzwi. Kijana asema tuuze, tujenge nyumba za kupanga, tununue matatu. Watu wengi wakisikia hivyo humhesabu mzee kuwa ndiye aliyekauka na kijana ndiye mwepesi. Tungoje kidogo. Kijana aonaye njia moja tu, naye amekauka, hata kama njia yenyewe ni mpya. Tumekwisha kuona nyumba ambako shamba liliuzwa Januari, na Desemba fedha zimekwisha, matatu imesimama juu ya mawe, na mzee amepanga chumba katika mtaa uliojengwa juu ya shamba lake mwenyewe. Tumeona pia nyumba ambako mzee alikataa neno lolote, akafa, na wana wakaenda mahakamani miaka kumi. Kati ya kuuza yote na kutogusa chochote kuna mambo mengi: kukodisha robo, kujenga vyumba vinne na kubakiza boma la ng'ombe wawili, kufuga kuku, kupanda mboga ambazo wapangaji wenyewe watazinunua. Lakini hayo hayaonekani mpaka mmoja wao aulize, "Baba, ardhi hii kwako ni ya nini?" Huenda mzee akajibu kwamba anataka mahali pa kuzikwa na mahali wajukuu watakapomkuta. Hilo lahitaji robo ekari. Zile nyingine zaweza kuzungumzwa.

Twawakumbusha na Petro. Alikuwa mtu mzima, tena mtume, alipokuwa juu ya nyumba huko Yafa na kuonyeshwa kwamba mawazo yake juu ya vilivyo najisi hayana budi kugeuka. Akageuka, akaenda Kaisaria, akaingia nyumbani mwa Kornelio. Lakini baadaye huko Antiokia alirudi nyuma, hata Paulo akamkemea mbele ya watu. Twapenda kwamba Maandiko hayakulificha hilo. Aliyekunjika jana aweza kukauka leo. Kazi hii haifanywi mara moja.

Na mkonge je? Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kwa muda watu wakatumia ile inayofanana na kitambaa, nayo, kumbe, ilikuwa polipropilini ile ile iliyoiua kamba ya mkonge, ikapigwa marufuku mwaka wa 2019. Viondo vikatolewa darini, vikapanguswa vumbi, vikarudi sokoni. Kenya ingali inauza mkonge ng'ambo, kutoka Kilifi, Taita-Taveta na Baringo. Na mafundi wanaopachika dari za jipsamu katika nyumba mpya hutia nyuzi za mkonge ndani yake ili zisipasuke. Wale waliosema mkonge umekufa kabisa walikuwa wagumu kama wale waliosema hautakufa kamwe.

Jioni hii, baada ya chakula, chagueni jambo moja mnalolifanya nyumbani kwa desturi tu: saa ya kula, mbegu mnayopanda, njia ya mtoto kwenda shule, fedha mnazotuma kila mwezi mahali fulani. Ulizeni jambo hilo ni la kazi gani. Mdogo kuliko wote aseme kwanza, na baba aseme mwisho. La sivyo wote watakubaliana na baba na hamtakuwa mmeuliza kitu. Huenda mkaona jambo lenyewe lafaa kubaki lilivyo. Basi libaki. Kwaherini hadi tutakapozungumza tena.